Eti Onyesho Lile Halikufanyika

Kama uko jikoni, endelea na shughuli zako, ongeza sauti tu kidogo. Kama uko kwenye daladala na dereva amefungulia idhaa hii, mwombe asibadilishe, japo kwa muda huu mfupi tutakaokuwa pamoja. Leo nimekuletea habari ya uvumi. Najua utasema, uvumi si jambo geni, kila siku tunazushiwa. Msanii huyu amefariki, kumbe yuko kwake anakunywa chai. Bendi ile imevunjika, kumbe wako mazoezini. Lakini uvumi wa leo umevuka mipaka, maana haukumzushia mtu kifo. Umeuzushia usiku mzima kwamba haukuwahi kuwepo.

Ndiyo, umesikia vizuri. Kuna onyesho la muziki lililorekodiwa, likasikilizwa na watu wasiohesabika, likasifiwa miaka nenda miaka rudi. Halafu ukazuka uvumi miongoni mwa mashabiki wenyewe, wale wanaolipenda kuliko watu wengine wote, kwamba eti onyesho lile halikufanyika. Eti mkanda ni wa kutengeneza. Eti Shirika la Kijasusi la Marekani, CIA, ndilo lililopanga mambo, likawapandikizia watu kumbukumbu ya usiku ambao haukuwepo.

Utacheka. Nami nilicheka nilipousikia mara ya kwanza. Lakini tukishamaliza kucheka, tujiulize maswali mawili. La kwanza: uvumi wa namna hii unazaliwa wapi? La pili: mtu akikubana, wewe ambaye hukuwepo, utajuaje kwamba onyesho lilifanyika kweli? Hayo mawili ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Tuanze na onyesho lenyewe.

Bendi inaitwa Grateful Dead. Ilianzia California, Marekani, mwaka 1965. Mpiga gitaa wake mkuu alikuwa Jerry Garcia, na pamoja naye walikuwepo Bob Weir kwenye gitaa jingine, Phil Lesh kwenye besi, na wapiga ngoma wawili, Bill Kreutzmann na Mickey Hart. Mwaka huo tunaouzungumzia, 1977, piano ilikuwa mikononi mwa Keith Godchaux, na mkewe Donna Jean alikuwa akiimba. Bendi hii ilikuwa na tabia moja iliyowafanya mashabiki wake wawe watu wa pekee: haikurudia onyesho. Leo wanapiga nyimbo hizi, kesho wanapiga nyingine, na hata wimbo ule ule wakiurudia, wanaupeleka kwingine, unarefuka, unapinda, unaingia ndani ya wimbo mwingine bila kusimama. Kwa hiyo shabiki aliyekwenda Jumamosi alikuwa na sababu ya kwenda tena Jumapili. Wapo waliowafuata mji hadi mji, wakilala kwenye magari, na wakapewa jina lao: Deadheads.

Sasa njoo Ithaca. Huu ni mji mdogo katika jimbo la New York, mbali na lile jiji la New York tunalolijua. Uko vilimani, kwenye ncha ya ziwa liitwalo Cayuga, na hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Cornell. Chuoni hapo kuna jengo kubwa la mawe linaloitwa Barton Hall. Halikujengwa kwa ajili ya muziki. Lilijengwa kama ukumbi wa gwaride, vijana wafanyie mazoezi ya kijeshi ndani, na baadaye likawa pia mahali pa riadha na michezo. Paa lake limeinuka juu kama la karakana ya treni. Fundi mitambo akiingia humo, jambo la kwanza atakalofikiri ni mwangwi: sauti itapiga ukutani, itapanda darini, na kurudi imechelewa.

Humo ndimo Grateful Dead walimopiga usiku wa Jumapili, tarehe 8 Mei 1977. Kamati ya wanafunzi ya kuandaa matamasha ndiyo iliyowaalika. Ilikuwa Siku ya Mama huko Marekani. Na ingawa kalenda ilisema ni mwezi wa tano, majira ya kuchipua, theluji ilianguka. Waliokwenda wanasimulia kwamba walitoka ukumbini wamelowa jasho wakakuta nje kumekuwa kweupe.

Mle ndani watu walikuwa maelfu, wengi wao vijana wa chuo, wamejazana hadi waliokuwa mbele wakabanwa kwenye jukwaa. Kwenye mkanda utamsikia Bob Weir na wenzake wakiwasihi watu warudi nyuma hatua moja, kisha hatua nyingine, wenzao wa mbele wapate kupumua. Ni maneno ya utani, lakini kazi yake ilikuwa ya kweli, watu wasiumie. Baada ya hapo bendi inaingia wimbo uitwao Scarlet Begonias, na kutoka humo, bila kukata, inateleza hadi Fire on the Mountain, wimbo ambao walikuwa wameanza kuupiga jukwaani miezi miwili tu nyuma. Karibu nusu saa ya muziki usiokatika. Baadaye wanakuja kwenye Morning Dew, wimbo wa taratibu unaopanda na kupanda, Garcia akikwangua nyuzi kwa kasi hadi gitaa linasikika kama linatetemeka. Mashabiki wengi watakwambia kwamba hapo ndipo kilele cha bendi nzima kilipo. Na wakati wa kuaga, watu wakiwadai wimbo wa mwisho, wakapiga wimbo unaohusu usiku wa Jumamosi. Jumapili, msikilizaji! Wimbo wa Jumamosi kwenye usiku wa Jumapili. Shika hilo, tutalihitaji.

Basi huo ndio usiku wenyewe. Tarehe 8 Mei 1977, Barton Hall, Ithaca. Nitairudia tarehe hii mara kadhaa leo, na nina sababu.

Sasa tuje kwenye mkanda. Maana bila mkanda, usiku ule ungebaki kumbukumbu ya wanafunzi wa chuo kimoja tu.

Aliyerekodi ni mwanamke, Betty Cantor-Jackson. Alikuwa fundi sauti wa bendi, na wakati huo wanawake waliokaa kwenye mitambo ya bendi kubwa walikuwa wa kuhesabika. Betty hakuridhika na kuchukua sauti ile ile iliyokuwa inakwenda kwenye spika za ukumbini. Alichanganya sauti kwa ajili ya mkanda peke yake, amevaa visikizi, anasawazisha besi hapa, sauti ya mwimbaji pale, ili atakayesikiliza chumbani kwake apate kila chombo mahali pake. Ndiyo maana ukisikiliza rekodi ile leo husikii mwangwi wa ukumbi wa gwaride. Unasikia bendi kama imekaa mbele yako. Mashabiki wakazipa rekodi zake jina lake, na mpaka leo mtu akisema ana mkanda wa Betty, wenzake wanasogeza viti.

Lakini mikanda ya Betty haikubaki kwenye ghala la bendi. Maisha yalimbana, mikanda ikawa imehifadhiwa kwenye stoo ya kukodi, kodi ikamshinda, na mwaka 1986 vilivyokuwamo vikauzwa kwa mnada. Mamia ya mikanda yakaangukia mikononi mwa watu mbalimbali. Mingine ilihifadhiwa vizuri, mingine ilikaa kwenye unyevunyevu hadi ikaota ukungu, ikabidi baadaye mafundi waisafishe kwa subira kubwa ndipo isikike tena.

Na nakala zikaanza kutembea. Zilitembeaje? Wewe uliyekua miaka ya 1980 unaijua redio kaseti ya milango miwili. Mlango huu unaweka kaseti yenye nyimbo, mlango ule kaseti tupu, unabonyeza vitufe, na magurudumu yanazunguka pamoja. Nakala ya kwanza inatoka safi. Nakala ya nakala inakuja na mvumo kwa mbali, shhh. Ukifika nakala ya tano, shhh imekuwa mwanamuziki wa nane. Kisha unachukua kalamu, unaandika kwenye ile karatasi ya ndani ya kasha: jina la bendi, tarehe, orodha ya nyimbo. Ukikosea, aliyenakili kutoka kwako anakosea pia, na wa baada yake, na wa baada yake.

Deadheads walifanya hivyo hivyo, tena kwa utaratibu maalumu. Bendi yenyewe haikuwakataza watu kurekodi. Mwaka 1984 iliwatengea hata sehemu yao ukumbini, wasimamishe maikrofoni zao bila kuwakera wengine. Sharti lilikuwa moja: usiuze. Unampa mwenzako nakala, naye anakupa nakala, au anakutumia kaseti tupu na gharama ya posta. Kwa njia hiyo mkanda wa Barton Hall ulivuka majimbo na ukavuka bahari, ukafika kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Ithaca na hawakujua hata iko upande gani wa ramani.

Na jina walilolipa si jina, ni tarehe. Kwa desturi ya Wamarekani mwezi hutangulia siku, kwa hiyo kwenye kasha iliandikwa tano, nane, sabini na saba. Mtu wa kwetu akiisoma atadhani ni tarehe 5 Agosti. Unaona jinsi kosa linavyoweza kuzaliwa bila mtu yeyote kudanganya?

Haya, tumekwishajua onyesho, tumekwishajua mkanda. Sasa turudi kwenye swali letu la kwanza: uvumi ulizaliwa wapi?

Nitakwambia ninavyouona. Ulizaliwa kwenye sifa. Mkanda ule ulisifiwa kupita kiasi. Kila mwaka, kila kura ya mashabiki, kila mabishano ya onyesho gani ni bora kuliko yote, Cornell, Cornell, Cornell. Unajua watu walivyo. Kitu kikisifiwa sana, wapo watakaoanza kukitilia shaka, na wapo watakaoanza kukifanyia mzaha. Wahenga walisema avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Na kweli wengi walikuwepo. Usiku mmoja kabla, tarehe 7 Mei, bendi ile ile ilipiga Boston. Usiku mmoja baada, tarehe 9, ilipiga Buffalo. Wajuzi wanazipenda sana rekodi hizo pia, na baadhi wanasema Buffalo haikuachwa mbali. Bendi ilikuwa kwenye chati wakati huo. Ilikuwa imetoka studio ikitengeneza albamu chini ya prodyuza Keith Olsen, aliyewabana kwenye mazoezi, na matunda yake yalionekana jukwaani majira yote yale.

Kwa hiyo shabiki mmoja anayechoka kusikia habari ya Cornell anafanya nini? Anatania. Anasema: jamani, onyesho lenu hilo ni zuri mno kuwa la kweli, bila shaka CIA ndio waliolitengeneza. Wenzake wanacheka. Mwingine anaongeza chumvi: ndiyo, na ndio maana kila unayekutana naye anadai alikuwepo, wamepandikizwa kumbukumbu! Wanacheka tena. Wa tatu anamhadithia wa nne ambaye hakuwepo kwenye kicheko. Wa nne hacheki. Anauliza: kweli?

Hapo, msikilizaji, ndipo mzaha unapogeuka uvumi. Maneno ni yale yale, kilichopotea ni kicheko. Aliyetania alikuwa na uso, alikonyeza jicho, wenzake wakaelewa. Maneno yakinakiliwa mara moja, mara mbili, mara tano, jicho lile halinakiliwi. Yanabaki maneno makavu, na maneno makavu hayamwambii mtu kama yalisemwa kwa utani au kwa dhati. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Lakini bado hatujamaliza. Mizaha ni mingi na mingi hufa siku hiyo hiyo. Kwa nini huu ukaishi? Na kwa nini CIA, na si polisi wa Ithaca?

Hapa lazima tuseme ukweli ambao hauchekeshi. CIA waliwahi kufanya majaribio juu ya akili za watu. Mradi huo ulikuwa na jina la siri, MKUltra, na ulianza mwaka 1953. Watu walipewa dawa zinazovuruga fahamu, hasa ile iitwayo LSD, na wengine walipewa bila hata kuambiwa. Mwaka 1973 mkurugenzi wa shirika wakati huo, Richard Helms, aliagiza nyaraka za mradi ziharibiwe. Mwaka 1975 wachunguzi wa serikali na wa Bunge wakayafichua mambo hayo hadharani. Na mwaka gani nyaraka zilizosalia ziligunduliwa, Baraza la Seneti likakaa kuwahoji wakubwa? Mwaka 1977, mwezi wa Agosti. Mwaka ule ule wa Barton Hall, miezi mitatu tu baadaye.

Na kuna zaidi. Mwandishi wa riwaya Ken Kesey alijitolea kwenye majaribio ya dawa hizo katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Menlo Park, California. Robert Hunter, aliyewaandikia Grateful Dead mashairi ya nyimbo zao nyingi, naye alijitolea kwenye majaribio kama hayo. Kesey akatoka hapo akaanzisha karamu za kunywa LSD, na bendi iliyotumbuiza kwenye karamu hizo mwaka 1965 na 1966 ilikuwa ndiyo hii hii, Grateful Dead, ikiwa bado changa kabisa.

Umeona sasa? Uvumi unaodumu hupikwa kama pilau: viungo vyote ni vya kweli, mchele tu ndio wa kubuni. CIA ni kweli. LSD ni kweli. Uhusiano wa watu wa bendi na majaribio yale ni kweli. Theluji mwezi wa tano ni kweli. Wimbo wa Jumamosi siku ya Jumapili ni kweli. Ukimpakulia mtu vyote hivyo kwenye sahani moja, anakula na mchele bila kuuliza umetoka shamba gani.

Kwa hiyo tujibu swali la kwanza kwa kifupi, kwa aliyefungua redio sasa hivi. Uvumi kwamba onyesho la Cornell halikufanyika ulizaliwa kwa utani wa mashabiki waliochoshwa na sifa. Ukapata nguvu kwa sababu ulisimama juu ya mambo ya kweli. Na ukaenea kwa sababu mkanda ulisafiri mbali na watu walioushuhudia usiku ule.

Sasa swali la pili. Mtu akikubana, akakwambia thibitisha, utaanzia wapi?

Wengi wetu tungeanza na kusema, lakini mkanda si huu hapa! Nakusihi usianze hapo. Mkanda ndio unaoshukiwa, hauwezi kuwa shahidi wa nafsi yake. Tafuta shahidi wa nje.

Shahidi wa kwanza ni mkanda mwingine. Betty hakuwa peke yake aliyerekodi usiku ule. Mashabiki walikuwamo ukumbini na maikrofoni zao, wakarekodi wakiwa katikati ya watu. Rekodi zao hazina usafi wa ile ya Betty. Ndani yake unasikia makofi ya karibu, unasikia ukumbi mkubwa, ule mwangwi tuliousema. Lakini nyimbo ni zile zile, kwa mpangilio ule ule, na gitaa linafanya yale yale. Watu wasiojuana, waliosimama sehemu tofauti, wamebeba usiku mmoja. Huo ni ushahidi mzito.

Shahidi wa pili ni karatasi. Kulikuwa na mabango yaliyobandikwa chuoni, yakitaja tarehe na mahali. Kulikuwa na tiketi, na vipande vyake watu wamevihifadhi mpaka leo. Kulikuwa na kamati ya wanafunzi iliyoandaa tamasha. Mwaka 2017 mwandishi Peter Conners alitoa kitabu kizima kuhusu usiku huo, kimechapishwa na matbaa ya chuo hicho hicho cha Cornell, na ndani yake wamo watu waliokuwepo wakisimulia walichokiona.

Shahidi wa tatu ni hali ya hewa, na huyu ndiye nimpendaye. Kumbuka ile theluji. Mtu anayeeneza uvumi atakwambia: theluji mwezi wa tano, nani ataamini? Lakini wanaopima hali ya hewa hawana habari na gitaa la Jerry Garcia. Wao wameandika tu kwamba mwanzoni mwa Mei 1977, kati ya tarehe 8 na 10, dhoruba ya theluji isiyo ya kawaida ilipiga kaskazini mashariki ya Marekani. Kile kilichoonekana kuwa dosari ya hadithi ndicho kinachoithibitisha. Na hivyo hivyo ule wimbo wa Jumamosi. Mtu anayetengeneza mkanda wa uongo angekuwa mwangalifu, siku zilingane. Wanamuziki wa kweli wanapiga wanachojisikia kupiga.

Msikilizaji, huenda unasema: haya yote kwa ajili ya onyesho moja la huko Marekani? Subiri. Angalia mwisho wa mambo yenyewe. Katika orodha ya mwaka 2011, iliyotangazwa mwaka 2012, Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza rekodi hii kwenye hazina ya taifa ya sauti, miongoni mwa rekodi ishirini na tano zilizochaguliwa mwaka huo. Mikanda halisi ya Betty ikarudi kwenye ghala la bendi, na Mei 2017, miaka arobaini baada ya usiku ule, onyesho likatoka rasmi, kwa idhini ya wenyewe. Na tarehe 8 Mei 2023, Bob Weir na Mickey Hart, wawili kati ya waliokuwa jukwaani mwaka 1977, walirudi Barton Hall na bendi yao ya wakati huo, Dead & Company, wakapiga humo humo, siku ile ile ya mwaka, kuchangisha fedha za kusaidia mambo ya kheri.

Je, uvumi umekufa? Haujafa. Upo, na utaendelea kuwepo, kwa sababu mashabiki wenyewe wanaupenda. Kwao sasa ni utani wa nyumbani, wanautumia kuwapima wageni. Na mimi sina ugomvi na hilo. Utani kati ya watu wanaojuana ni starehe. Ugomvi wangu ni na ile tabia yetu ya kusema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Tunaitumia methali hiyo kama hakimu. Tukisikia jambo linasemwa sana, tunaona kusemwa kwenyewe kunatosha kuwa ushahidi. Cornell inatufundisha kwamba jambo linaweza kusemwa kwa miongo mingi, na watu wengi, wenye akili zao, na lisiwepo, wala lisije.

Na hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi. Simu zetu zimejaa sauti na video. Onyesho la taarabu, hotuba ya kiongozi, mahubiri, ngoma ya harusi, sauti ya mzee akisimulia historia ya ukoo. Zinakuja zimekatwa mwanzo, zimekatwa mwisho, hazina tarehe, hazina mahali, hazina jina la aliyerekodi. Leo tena kuna mitambo inayoweza kuigiza sauti ya mtu aliye hai na hata ya marehemu. Zamani mtu alihitaji kubuni CIA nzima ili kudai kwamba mkanda ni wa kutengeneza. Siku hizi mkanda wa kutengeneza unafanywa kwa simu, chumbani. Kwa hiyo hatari ni mbili. Ya kwanza, tutaamini cha uongo. Ya pili, na hii hatuifikirii sana, tutakikataa cha kweli. Mtu atakutwa na sauti yake halisi akisema jambo baya, naye atajibu, hiyo imetengenezwa. Na sisi tutashindwa kumjibu kwa sababu hakuna aliyeandika ilirekodiwa wapi na nani.

Kwa nini onyesho la Barton Hall liliweza kutetewa? Kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa na tabia ya kuandika. Shabiki wa kawaida kabisa, mwenye kaseti na kalamu, aliandika tarehe, mahali, nyimbo, na mara nyingi alijua mkanda umetoka kwa nani kabla yake. Hawakuwa wanahistoria. Walikuwa wapenzi wa muziki waliokuwa makini.

Basi naomba tukubaliane mambo mawili kabla sijakuaga.

La kwanza, ukipokea rekodi, uliza maswali haya kabla hujaituma kwa mwingine: ilirekodiwa wapi, lini, na nani? Kuna mtu mwingine aliyekuwepo anayesema hivyo hivyo? Ukikosa jibu, ibaki kwako. Hakuna atakayekudai.

La pili, ukirekodi wewe, andika. Ukirekodi harusi ya dada yako, ukirekodi bibi akiimba nyimbo za unyago, ukirekodi bendi ya mtaani kwenu, sema mwanzoni kabisa kwa sauti yako mwenyewe: leo ni tarehe fulani, tuko mahali fulani, mimi ni fulani. Sekunde kumi tu. Na kama una kaseti za zamani kabatini, za taarabu au za dansi, na mzee aliyezirekodi bado yuko hai, mwendee Jumapili hii, mkae naye, aziseme moja moja, nawe uandike kwenye kasha.

Mimi niishie hapo kwa leo. Onyesho la Cornell lilifanyika, tarehe 8 Mei 1977, na tunalijua hilo kwa sababu watu waliandika.